Mbwa Anayefunga Mlango

Kijiji kipya, njia ya Itaka,
Mbozi.
8 Septemba 1974

Mdogo wangu Fanueli,

Pokea salamu zangu na za baba. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo wangu unaujua. Baba naye ni mzima, kwa maana kwamba analala, anaamka na anakula nusu ya ninachompakulia. Nyumba imeezekwa upande mmoja, upande wa pili tunangoja nyasi. Mahindi tuliyokuja nayo kutoka mahame, kule tulikohamishwa, hayajaingia wadudu. Kanisani wanakuulizia. Nawajibu kwamba kazi za reli zimekubana, na wao wanabadilisha mazungumzo.

Baada ya hayo, mzigo wako umefika. Bashiri aliuteremsha Ijumaa ya tarehe 30 kutoka kwenye lori lake, ndani ya boksi la misumari, akasema njia nzima toka Tunduma alikuwa akiusikia ukilia mpaka yeye mwenyewe akapoteza hamu ya kuimba. Karatasi yako inasema ni mtoto wa mbwa, anaitwa Pasipoti, na ni wa kumliwaza baba tangu mama alipotutoka. Nashukuru. Ila ungeniuliza kwanza, Fanueli.

Hapa si kule mlimani kwetu. Mwaka jana mbwa mwenye kichaa aliwauma watu wawili kijiji cha jirani, mmoja akafa. Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Asajile, amepitisha sheria: mbwa wote wafungiwe. Mbwa akionekana peke yake bila mwenyewe, anaandikwa kwenye daftari la kijiji. Akiandikwa mara tatu, Sadoki wa mgambo anampiga risasi, na huna pa kulalamika. Siwezi kuwalaumu. Yule aliyekufa nasi tulishuka kumzika.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza nilimfunika kwa tenga la kuku na juu yake nikaweka jiwe. Nikaenda kisimani, narudi, jiwe liko pale, tenga liko pale, mbwa yuko jikoni. Siku ya pili nilimzungushia uzio wa fito. Alifukua chini kama panya buku. Siku ya tatu niliweka mawe pale alipofukua, naye akapanda rundo la kuni nililoliacha kando ya uzio, akaruka. Ana tabia ya kukaa kimya akitazama mkono wangu unakoshika. Jumatano Asajile akamkuta uani kwake amelala katikati ya mbuzi. Ameandikwa: moja.

Baba anakaa kwenye kigoda chake akimtazama tu. Nilimwuliza tufanyeje. Akasema, "Ana miguu." Ndiyo maneno pekee niliyoyapata kwake wiki nzima. Lakini nimemwona akimpa kipande cha ugali wake kwa siri, na ndiyo maana naogopa. Katika miezi minne mzee amepoteza mke, amepoteza nyumba, amepoteza kahawa yake. Wakimpiga risasi na huyu, sijui nitamshika wapi mzee.

Wewe ndiye fundi seremala. Niambie nifanyeje.

Na lile swali langu la mwezi wa sita hujanijibu.

Dada yako,
Tabita


Kambi ya Reli,
Tunduma.
22 Septemba 1974

Dada Tabita mpenzi,

Nimeipata barua yako, nimeisoma nimekaa juu ya mbao, na nimecheka mpaka wenzangu wakadhani nimetumiwa habari za harusi. Salamu kwako na kwa baba. Mimi sijambo. Upepo wa hapa unaujua, vumbi la msumeno linaingia mpaka kwenye uji. Tumefikia kupachika madirisha ya stesheni. Mchina anayetusimamia hajui Kiswahili cha kutosha kugombana, kwa hiyo anapima kazi yangu, anatikisa kichwa, anapima tena, halafu ananipa sigara. Nachukulia kwamba anasifu.

Huyo mbwa usimdharau. Alizaliwa chini ya rundo langu la mbao. Hajafikisha miezi miwili alikuwa anavuka mpaka kila asubuhi, anakwenda Nakonde, upande wa Zambia, kula kwa mama mmoja wa Kibemba anayeuza vitumbua, saa sita anarudi Tanzania. Hakuna ofisa aliyewahi kumwuliza kitu. Ndipo nikampa hilo jina.

Kosa lako ni uzio. Uzio ni wa mbuzi. Yeye mjengee banda: sakafu tandaza mawe, ukuta simamisha mabanzi, uyachimbie chini urefu wa mkono mmoja, na juu funika. Halafu mlango. Mlango msitafute. Si mnao ule wa jiko la mama niliouondoa siku ya lori, mlipohamishwa? Ni mninga mtupu, niliutengeneza mwenyewe mwaka niliotoka ufundi. Ukate ulitoshe banda. Nampa Bashiri komeo la chuma na bawaba mbili. Komeo hilo likae nje. Likishafungwa, hata mtu mzima akiwa ndani hatoki, seuze mtoto wa mbwa.

Hilo jambo lingine nitakujibu nikitulia.

Mdogo wako,
Fanueli


Kijiji kipya.
13 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Tu wazima wote. Upande wa pili wa nyumba umeezekwa, sasa mvua ikitaka inaweza kuja. Vibali vya kurudi mahame kuchuma kahawa vimekwisha mwezi uliopita. Sasa pale darajani anakaa Sadoki na bunduki yake, na mtu akionekana anaelekea kule juu anarudishwa. Wanasema tukiruhusiwa kwenda kwenda, tutaanza kuhama mmoja mmoja.

Banda limejengwa jinsi ulivyosema. Baba mwenyewe alikuja kunishikia mlango nikipigilia bawaba. Nilipoufungua mara ya kwanza ukalia vilevile, mlio uleule wa kule nyumbani, na sote wawili tukasimama. Unakumbuka kila alfajiri ni baba aliyekuwa akiufungua, awashe moto ili mama akiamka akute jiko lina joto. Nikadhani ataondoka. Hakuondoka. Aliushika shika ubao kwa kiganja, akasema, "Kijana alijitahidi." Nakuandikia hilo kwa sababu najua hajawahi kukuambia.

Siku mbili mbwa alitulia. Siku ya tatu nimerudi kutoka shamba la kijiji, saa saba hivi, banda tupu. Nikasema komeo limelegea. Nikaenda kutazama. Fanueli, mlango ulikuwa umefungwa. Komeo lilikuwa limerudishwa mahali pake. Nikazunguka banda lote nikitafuta tundu, sikuona hata la kupita kidole. Nikakaa chini pale pale kwenye majani.

Jioni baba akaja naye. Kumbe alitoroka asubuhi tu nilipoondoka, akashika njia ya kule mlimani mpaka mahame kwetu, maili nne na nusu, na mzee akalazimika kumfuata. Sheria inasema mwenye mbwa amrudishe kabla jua halijazama, kwa hiyo Sadoki alimpisha darajani. Mzee wa miaka sabini na mbili, na goti lile. Nilimchemshia maji nikamkanda. Na kesho yake likawa lile lile. Na kesho kutwa yake. Kila nikirudi komeo limefungwa, mbwa hayupo, na baba yuko njiani kumfuata.

Jumatatu mbwa alimwacha baba nyuma akaingia bustani ya shule peke yake. Ameandikwa: mbili.

Huyu mnyama atampotezea mzee nguvu bure. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba baba hanung'uniki. Anarudi amechoka hoi, anakula sahani nzima, analala. Juzi ameniomba chumvi iongezwe. Sijui nishukuru au nilie.

Ukiwa fundi kweli, nieleze mbwa anafungaje komeo akiwa nje.

Na swali langu lipo pale pale.

Tabita


Kambi ya Reli.
27 Oktoba 1974

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa mzee, na pole ya kumkanda. Mimi nina mafua ya vumbi, mengine salama.

Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa chakula. Kosa kubwa, maana tangu siku hiyo kazi haiendi. Mbwa anayefungua mlango, mmoja alisema amewahi kumwona kwao Tukuyu. Mbwa anayefunga hakuna aliyewahi. Mwingine akasema ni kosa la fundi, komeo langu linajirudi lenyewe kwa uzito. Maneno hayo yaliniuma. Nikachukua komeo la aina ile ile, nikalipachika kwenye mlango wa stoo ya misumari, nikaingia ndani nikawaambia wanifungie. Nilisukuma, nilipiga teke, nilitingisha, niliingiza kisu kwenye ufa. Halikusogea. Ila wenzangu walikuwa wameitwa kushusha mabati, na nikakaa humo mpaka Mchina alipokuja kutafuta misumari ya inchi tatu. Aliponikuta alitikisa kichwa. Alinipa sigara.

Kwa hiyo komeo ni zima, na mimi ndiye shahidi. Basi tumalize mchezo. Nampa Bashiri kufuli la shaba. Lina ufunguo mmoja tu, wa pili ulipotea dukani. Mpe mtu mwenye akili autunze. Kama Pasipoti akilifungua na hilo, mlete huku, tutamwajiri.

Nakuomba, Tabita, usimwache mzee atembee umbali ule. Kule mahame hakuna kitu tena. Nyumba mliiacha haina milango wala paa. Nini kitamfaa kule?

Fanueli


Kijiji kipya.
17 Novemba 1974

Mdogo wangu Fanueli,

Salamu. Mvua zimeanza wiki iliyopita na tumepanda shamba la kijiji kwa siku nne mfululizo. Mgongo sasa unazungumza.

Kufuli lilifika. Baba aliligeuza geuza, akasema ufunguo akae nao yeye, maana mimi nitaupoteza kwenye unga. Akautunga kwenye kamba akauvaa shingoni, ndani ya shati. Hautoki hapo hata akioga. Nikasema sasa tumemweza.

Kesho yake nimerudi saa saba. Kufuli limefungwa. Nilivuta kwa mikono miwili. Mbwa hayupo.

Fanueli, kichwa changu hakishiki. Majirani wameshaanza kupita wakilitazama banda kwa mbali. Mmoja ananiambia mbwa wa mpakani wana dawa, mwingine anasema ni mama anamwita. Huyo wa pili nilimfukuza uani kwangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, halafu nikaingia ndani nikalia. Nimeng'oa mabanzi mawili kutazama chini, mawe yako vilevile. Nimekagua juu. Jumapili nilikaa siku nzima nyumbani nikivizia, na siku hiyo mbwa alilala tu ndani kama mtoto wa mchungaji. Akitaka kutoroka ananisubiri nitoke.

Baba kila siku yuko nyuma yake, mvua na matope. Anarudi na udongo mwekundu wa kule juu mpaka magotini. Nilimwambia aache, mbwa akirudi arudi, akifa afe. Akasema, "Sheria inasema mwenyewe amfuate." Halafu akatabasamu. Nimeona meno ya baba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Kwenye kofia yake palikuwa na ua jeupe la mkahawa. Nadhani lilimdondokea akipita chini ya miti akimtafuta huyo mjinga.

Bado nafasi moja, halafu Sadoki. Kila nikirudi shamba natembea nimetega masikio nikingoja mlio wa bunduki. Tuma mnyororo, kama upo.

Na mimi nakuuliza kwa mara ya nne: barua ya msiba wa mama ilikufikia lini?

Dada yako


Kambi ya Reli.
1 Desemba 1974

Tabita,

Salamu nitazileta mwenyewe siku nyingine. Nimempa Bashiri barua hii mkononi kwa sababu posta itachelewa, naye amesema anapita kwenu keshokutwa.

Mnyororo situmi. Nimelala na barua yako, nimeamka nayo, na leo nikifunga stoo nimeelewa. Kaa chini kwanza.

Komeo halifunguki kwa ndani. Kufuli halifunguki bila ufunguo. Ufunguo uko shingoni kwa mtu. Na katika maisha yangu namjua mtu mmoja tu ambaye hawezi kuacha mlango wazi nyuma yake, hata nyumba ikiwa inaungua. Wewe na mimi tumechapwa fimbo ngapi kwa kosa hilo?

Darajani hapiti mtu bila kibali, ila mtu anayefuata mbwa wake. Umeniandikia wewe mwenyewe. Mimi nikauliza kule mahame kuna nini kitakachomfaa, na nikajiona nina akili. Unajua kuna nini. Kuna mama.

Usimwulize. Usimwambie Asajile. Siku moja usiende shamba, mfuate kwa mbali, halafu uniandikie ulichoona. Na mbwa huyo asitolewe peke yake hata mara moja.

Fanueli


Kijiji kipya.
15 Desemba 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako sijaiona tangu ile ya kufuli, na Bashiri hajapita. Sijui umekasirika au unaumwa. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu yaliyotokea siwezi kukaa nayo peke yangu.

Jumanne iliyopita baba aliamka na homa. Nilimwachia uji nikaenda shamba, maana zamu ni zamu. Niliporudi nilimkuta amelala mbele ya banda kwenye majani mabichi, anatetemeka, kufuli liko wazi chini, ufunguo uko kiganjani mwake. Mlango ulikuwa wazi. Sikuwahi kuona mlango wazi mbele ya baba. Nikamwingiza ndani nikamfunika, nikijiambia alitaka kumpa mbwa chakula. Nakuapia ndivyo nilivyofikiri.

Kumbe mbwa alikwenda zake. Njia anaijua. Alikwenda kule mlimani peke yake, akakaa alikokaa, na saa za kurudi akarudi. Sadoki akamkamata darajani akitokea juu, bila mtu nyuma yake. Ameandikwa: tatu. Wakamfunga kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji, na Asajile akasema Alhamisi mkutano, baada ya mkutano hukumu.

Siku hizo mbili baba hakula. Alhamisi nilimwambia abaki, bado ana joto. Akajifunga blanketi akaja akitembea na fimbo. Ofisi ilijaa. Asajile alisoma daftari: tarehe, mahali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akauliza kama mwenye mbwa ana neno. Nikasimama mimi. Nikaeleza habari za tenga, fito, komeo na kufuli, nikasema mnyama huyu amenishinda, ana akili isiyo ya kawaida, nikaomba wamhurumie. Watu wakaanza kucheka.

Baba akanishika mkono akaniketisha. Akasema, "Mwenyekiti, binti yangu amesema asilolijua. Mbwa huyu hatoroki. Anayetoroka ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Akautoa ufunguo shingoni akauweka juu ya daftari. Akasema, "Kila asubuhi nilimfungulia, nikafunga, nikamfuata. Ningekuja kuomba kibali mngeniuliza sababu, na mimi sababu yangu siwezi kuisema mbele ya karani. Mke wangu nilimzika mwezi wa tano, mwezi wa nane mkanipandisha lori. Majani hayangojei. Kama ni risasi, mbwa hana kosa. Alikuwa anakwenda kazini kwangu."

Fanueli, mimi niliyekuwa nalala naye nyumba moja sikuelewa kitu miezi miwili. Nilimkanda goti nikimlaani mbwa.

Asajile alikaa ameinamia daftari. Nilidhani anatafuta kifungu. Halafu akauliza, si kwa sauti ya uenyekiti, "Mzee Yonasi, na kwetu ulipita?"

Baba akasema, "Nilipita. Kaburi la baba yako nimelipalilia mara mbili. Mkahawa ulioliegemea nimeukata tawi."

Sadoki, pale mlangoni na bunduki yake, akauliza, "Na kwa bibi yangu?"

"Kwa bibi yako kuna mchwa. Nimewafukuza, lakini watarudi."

Asajile akachukua kalamu. Alisema yeye hafuti kilichoandikwa na serikali ya kijiji. Lakini mbele ya kila tarehe aliandika, na akatusomea: alikuwa na mwenyewe. Moja, mbili, na hata ya tatu, ambayo sote tulijua mwenyewe alikuwa amelala na homa. Halafu akapitisha kwamba kila Jumamosi mwenye kaburi kule juu apewe kibali, aende akasafishe, arudi kabla ya jua kuzama. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Sadoki.

Jana ilikuwa Jumamosi. Tulikwenda watu wengi, baba amepakiwa kwenye baiskeli, Pasipoti mbele. Nyumba imebaki kuta, ndani kumeota maboga. Lakini kwa mama pamefagiliwa kama uani siku ya sikukuu. Ameweka mawe pande zote, ametengeneza mfereji mvua isimwingilie. Mikahawa imechanua, pana harufu ile. Mbwa akaenda akalala miguuni pa kaburi, mahali pamoja ambapo majani yamelala. Ni pake.

Kichwani hakuna msalaba, kuna kijiti tu. Hilo sikutaka kukuandikia, na nimekuficha tangu mwezi wa tano. Siku ya mazishi fundi wa misheni alijitolea kuutengeneza. Baba alikataa. Alisema mama ana fundi wake.

Dada yako,
Tabita


Kambi ya Reli,
Tunduma.
5 Januari 1975

Dada yangu Tabita,

Salamu za mwaka mpya kwako, kwa baba, na kwa Asajile na Sadoki, ambao sikuwahi kufikiri ningewasalimu.

Barua niliyokuandikia mwezi uliopita ilipelekwa Ivuna. Bashiri alibadilishiwa safari kwenda kuchukua chumvi, akaisahau chini ya magunia, na ameniomba radhi mara tatu. Ikikufikia ikiwa na chumvi, usiisome. Nilikuwa najifanya mjanja wa kufumbua mambo, na kumbe jambo langu mwenyewe nilikuwa nimelifungia.

Swali lako. Barua ya msiba ilinifikia siku ya pili yake, saa nne asubuhi. Haikuchelewa. Niliwaambia wote ilichelewa. Lori la Bashiri lilikuwa pale linapakia, lingenifikisha kabla ya mazishi. Mchina alinipa ruhusa kabla sijamaliza kuomba, akanionyesha mbao za mninga, akasema kwa mikono nichague. Nikachagua. Nikachukua futi na kalamu nitengeneze jeneza. Ndipo nikatakiwa kuandika urefu wa mama kwenye ubao. Tabita, nilisimama pale na kalamu mpaka lori likaondoka. Sikuweza kuiandika ile namba. Na baada ya kushindwa hilo, sikuwa na uso wa kuja mikono mitupu, mimi niliyeitwa fundi. Siku ya lori nilipokuja kuwahamisha, niling'oa milango haraka haraka ili nisipate muda wa kwenda nyuma ya nyumba. Baba aliona. Na mimi nikamtumia mbwa.

Zile mbao bado ninazo. Nimezificha chini ya rundo, pale pale alipozaliwa Pasipoti. Jana nimekata msalaba. Haukuhitaji kumpima mtu. Nimeuandika jina lake lote.

Nimepewa likizo. Nitateremka kwenu Ijumaa tarehe 17, Jumamosi twende wote juu. Mwombe Asajile aandike kibali kimoja zaidi, jina langu analijua.

Kufuli nirudishie. Mlango uache palepale bandani. Na mwambie baba, asubuhi ya Jumamosi asiuguse. Nitaamka kabla yake, niufungue mimi.

Mdogo wako,
Fanueli